Bromelia za Mama Zilizo Juani

Chumba namba 11,
Ghorofa ya juu kabisa.
Tarehe 9 Oktoba.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Magoti yamepoa, au bado yanakusumbua ukipanda ngazi? Na kikohozi cha Baba Mdogo? Usinijibu "salama tu" kama kawaida yako. Niambie ukweli, nami nakuambia wangu.

Mimi mwili mzima, moyo ndio umekwisha. Mama bado hajarudiwa na sauti tangu apooze upande wa kulia, na hii ni wiki ya pili anakula vijiko vitatu, kisha anageukia ukuta. Daktari haoni ugonjwa mpya. Ugonjwa mpya ni mimi.

Nyumba yetu ya bustani imevunjwa ili mwenye nyumba ajenge maduka. Niliandika barua nne za kumpinga, moja ikatoka gazetini. Watu walinipongeza, na tingatinga likaja vilevile. Sasa tuko vyumba viwili vyenye madirisha ya kuchungulia, na bromelia za Mama, ile mimea ya ukoo wa nanasi aliyoilea miaka ishirini chini ya mti, hazina pa kukaa ila juu ya paa la zege, juani kutwa nzima. Turubai la kuzikinga haliruhusiwi. Nimegombana na msimamizi wa jengo mpaka hatusalimiani.

Vyungu thelathini na viwili, bila kibandiko hata kimoja. Majina yote yamo kichwani mwa Mama, na Mama hasemi.

Nikasoma vitabu vitatu. Nikashika neno moja: bromelia inayopenda jua huwa na wekundu. Basi, isipokuwa moja, nikazipandisha zote siku hiyohiyo, nyekundu nikaziweka mbele. Jirani yetu, fundi cherehani, alikuwa anaanika nguo.

"Bi Kitabu, umeshika majani yake?"

"Nayaona, inatosha."

"Shika, dada. Laini kama bitana, kaa nayo ndani. Ngumu kama kola yenye wanga, ina miiba, ina unga wa kijivu, hiyo ya jua. Na usizitoe zote leo, zizoee kwanza. Zitaungua!"

"Wewe shona nguo zako," nikamwambia, kisha nikamhutubia nusu saa.

Akacheka. "Haya, umeshinda. Tuone kama na jua litakusikiliza."

Siku ya nne majani yakatoka mabaka meupe, yakageuka kahawia, yakalegea kama mboga iliyochemshwa. Zimekufa kumi na tisa, nyekundu zikiwemo. Kumi na mbili zimesimama, zote ngumu, zote za miiba. Fundi alikuwa sahihi kila neno. Nimemwomba radhi, na yeye ndiye aliyenisaidia kuteremsha vyungu vya maiti. Tulipita mbele ya kiti cha Mama, kimoja kimoja. Siku hiyo ndipo alipogeukia ukuta.

Imebaki ile moja niliyoogopa kuitoa, mliyoikuza wewe na Mama kutoka mbegu. Hakuna kitabu kinachoitaja. Jani ni gumu chini, laini nchani, kijivu mgongoni tu. Huku ndani inarefuka, inapauka, inalegea kwa kukosa mwanga. Nikiitoa, pengine itaungua. Jana nilimwekea Mama mapajani. Akalipapasa jani kwa kidole gumba cha kushoto, muda mrefu, kisha akakisukuma chungu kwangu. Alitaka niitoe nje, au niiondoe machoni pake? Nimeuliza mara mbili. Alifumba macho.

Mama Mdogo, nimebishana na wahariri, madiwani na mapadri, na sikuwahi kuogopa mtu. Namwogopa mgonjwa asiyesema. Ikifa hii, sina cha kumpelekea tena kitandani.

Bromelia pacha ya hii, ya mbegu zilezile, unayo wewe. Umeiweka wapi?

Msalimie Baba Mdogo, dada yangu mkunga, na mapacha wake wasiokaa kimya. Mungu awafunike kwa afya, nyumba yenu isikose kicheko.

Nijibu kwa neno moja, jua au kivuli. Sitaki sababu wala maelezo. Safari hii sitabisha.

Mwanao akupendaye hata anapokupinga,
Bi Kitabu