Iache Igome Mbele Yako

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo wewe na huo mgongo? Mimi mzima wa mwili, ila roho haijatulia.

Uliniuliza nachunguza nini huku maabara, nikakujibu kwa mkato. Leo nasema. Ndani ya bakteria kuna mashine inayonakili jeni. Jeni isiponakiliwa, haifanyi kazi. Sasa kuna kipande kidogo cha RNA, kiuzi kifupi tu, ambacho naamini huizuia mashine hiyo. Nimewaondolea baadhi ya bakteria kiuzi hicho, nikawalinganisha na wenzao walio nacho. Miezi minane, Baba, na sioni tofauti hata chembe! Profesa anayenisimamia amesema nisipoleta jibu kufikia mwisho wa Aprili, utafiti utafungwa. Nitarudi nyumbani bila shahada.

Binti yako

11 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Mgongo upo, unalalamika kumshinda mama yako. Yeye anakusalimu, na amewatangazia majirani wote kwamba unafuga wadudu.

Mimi ni fundi wa fotokopi, si msomi, usinicheke. Lakini mashine ikiwa na umeme, ina wino, na haitoi nakala, mimi huangalia kwanza pale karatasi inapoingilia. Mara nyingi kuna kitu kimenasa. Hicho kiuzi chako kinakaa wapi?

La pili. Mteja akisema mashine yake inagoma, nami nikifika nikaikuta inanakili vizuri, siifungui. Naketi, naiendesha mpaka igome mbele yangu. Hao bakteria wako hupata shida lini? Au unawatembelea wakishiba tu?

Baba yako

19 Machi

Baba,

Shikamoo tena. Barua yako nimeanza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa.

Kila asubuhi nawapa chakula kipya, na saa sita mchana nawapima. Wameshiba! Sijawahi kuwaona na njaa hata siku moja. Na kiuzi kinakaa palepale ulipopataja. Kinajifanya jeni, na njaa ikiingia mashine inakishika na kutulia. Chakula kikirudi, inaanza kukinakili chenyewe, na hapo ndipo inajinasua. Wengine walishaliona hilo kwa bakteria wao, lakini kwa hawa wangu bado.

Leo nimewaacha bila chakula. Nitasubiri wiki tatu. Profesa anasema nikikosea, hakuna muda wa kurudia. Niombee.

Binti yako

30 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mama hajambo? Nimenyamaza wiki sita kwa woga tu, nisije nikawaandikia habari mbaya.

Walio na kiuzi wengi wako hai. Wasio nacho, mashine zao ziliendelea kunakili huku akiba imekwisha, wakajimaliza wenyewe. Katika kila kumi, tisa wamekufa. Nimehesabu mara tatu.

Jana nilisimama mbele ya jopo linaloamua utafiti wangu. Mwenyekiti akauliza ni nani aliyenishauri kuwaacha na njaa. Nikasema, "Baba yangu, fundi wa fotokopi." Wakacheka. Mimi sikucheka. Nikawarudia maswali yako neno kwa neno, na mmoja wao akayaandika. Utafiti unaendelea, Baba! Najivunia kuwa mwanao.

Binti yako

9 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Sote wazima. Mama yako ameisoma barua kwa sauti mara nne, na mimi nikajifanya natafuta bisibisi chini ya meza ili asinione uso.

Ila umekosea jambo moja, na ukawarekebishie hao wakubwa. Mimi niliuliza tu, na kuuliza hata mteja anaweza. Wiki tatu za kukaa bila kuwagusa, huku watu wanakuhesabia siku, hizo ni zako peke yako. Nimefundisha mafundi kumi na mmoja, wote hodari wa kufungua mashine. Wa kusubiri nimempata mmoja tu, naye yuko huko maabara.

Baba yako