Maua ya Keren

Kalemie, tarehe 14 Januari

Yaya Cyrille, kaka yangu,

Nakusalimu wewe na mkeo Mama Louise. Naomba barua hii iwakute wazima, na baridi ya Kirungu isiwe imekurudishia kikohozi. Huku mwili wangu hauna neno. Moyo ndio mgonjwa, na ndiyo sababu ya kuandika.

Nimepata ujumbe wenu. Unasema mke wako amecheka kwa mara ya kwanza tangu tumzike binti yenu Keren hapa Kalemie, na kwamba mwezi ujao mtapanda boti mje kuyaona maua kaburini. 

Habari za maua nilizokuandikia mwaka wa kwanza zilikuwa za kweli. Mbegu ulizochuma bondeni huko Kirungu nilizikuza katika beseni la matope, nikahamishia miche kaburini, pale panapotuama maji. Ilichanua njano tupu. Nyuki walikuja wengi, nikakaa kuwahesabu kama Keren alivyokuwa akifanya huko kwenu. Kiangazi kila kitu kilikauka, nikadhani maua yamekufa.

Siku moja kabla ya sikukuu ya marehemu, sisi wamama wa paruasi, parokia yetu, tulikwenda kusafisha makaburi. Unajua hapa kaburi lenye majani ni aibu ya jamaa nzima. Jirani yangu, Mama Chantal, alikuwa ameshauliza mbele ya watu, "Kaburi ya mutoto inaota majani, shangazi yake iko wapi?" Nikashika jembe kwa hasira. Pigo la kwanza likatoa mizizi minene, myeupe, yenye machipukizi.

Yaya, niliitambua palepale kuwa ni ya maua ya Keren, kumbe hayakufa. Ningeweza kuacha. Lakini walikuwa wananitazama, nikaona haya kuwaambia kwamba majani hayo ndiyo aliyoyapenda mtoto wetu. Nililima mpaka mwisho, nikafagia, Mama Chantal akanisifu. Jioni ileile nikakuandikia uongo kwamba maua yamechipua tena.

Simlaumu mtu, ni mikono yangu. Tena najua bonde la huko limechimbwa mifereji ya kulikausha ili kulima kabichi, na mbegu nyingine hakuna. Nimelia mpaka nimechoka.

Mje hata hivyo, nyumba ni yenu. Ila mwambie Louise mapema, kwa sababu mimi sitaweza. Mtalikuta kaburi la Keren safi kuliko yote.

Wasalimieni Wakristo wa Kirungu, na mniombee.

Mdogo wako,
Philomène