Dubai Hadi Muscat, Safari Aliyoirefusha Mwanangu

Mpendwa Shangazi Priscila, shikamoo kama umenizidi umri,

Naomba msaada wako, mimi ni mama wa hapa Mabawe, nina watoto wawili tu, Fideli yuko Dubai anasambaza maji kwa gari, na mdogo wake Joan yuko Muscat kwenye kazi za ndani, kazi yenyewe alitafutiwa na huyo huyo kaka yake, na leo ni siku ya ishirini na tatu simu ya Joan haipatikani, mara ya mwisho aliniambia kwa sauti ya chini, "Mama, mniombee, huku silali," akakata. Nikamwomba Fideli aende akamwone, akasema mama hujui Asia ilivyo kubwa, kutoka huku hadi Muscat ni siku mbili ndani ya ndege. Tukaita kikao cha ukoo, Fideli tukamweka spika, wazee wakasema kama basi la Ngara hadi Dar linakula siku nzima na zaidi, sembuse Asia, wakanywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, wakampa pole, na mimi mama yake nikampa pole, Mungu anisamehe.

Juzi nikaenda mjini kununua kitenge kwa Kuluthumu, ambaye hufuata mzigo Dubai mwenyewe na ana shemeji yake Muscat, nikamsimulia, akaacha kupima kitambaa akasema, "Mama Fideli, nani kakudanganya? Ni saa moja na dakika chache. Hata kwa gari unafika siku hiyo hiyo." Mume wangu anataka ninyamaze, eti nikimuumbua Fideli mbele ya wazee nitapoteza watoto wote wawili. Nimekasirika mpaka chakula hakipiti. Nifanyeje?

Mama Fideli, Mabawe

Mama Fideli,

Pole sana, na hasira yako usimwombe mtu radhi kwa ajili yake. Kwa ndege, kati ya Dubai na Muscat hazifiki kilomita mia nne. Ni karibu sawa na kwenu hadi Mwanza kwa basi, ambako mnakwenda hata kumwona mgonjwa wa jirani.

Lakini na ninyi mmenichosha. Watu wazima mmeketi mnapima ndege kwa basi, na hakuna aliyeuliza Fideli mwenyewe alitumia muda gani kutoka Dar hadi Dubai. Ni saa tano na ushee. Njia ya mwongo ni fupi, ila mlimsaidia kuirefusha kwa rubisi.

Mumeo anaogopa aibu. Mwambie aibu haijamfungia mtu mlango kwa ufunguo, na hujui kama Joan hajafungiwa. Leo hii chukua nakala ya pasipoti na mkataba wake, nenda ustawi wa jamii wilayani, wakusaidie kuufikia ubalozi wetu Muscat. Kisha rudisha kikao, Fideli awekwe spika tena, Kuluthumu akiwepo, ataje jina la mwajiri na mtaa, maana kazi aliitafuta yeye. Kama hana kibali cha kuvuka mpaka, angesema hivyo tangu mwanzo, tungemwelewa. Anwani ikipatikana, mpe Kuluthumu, shemeji yake abishe hodi kesho asubuhi. Usimbembeleze Fideli hata kidogo.

Na Joan akipokea simu, asiulizwe na mtu mkataba umebaki miezi mingapi. Mwambie arudi nyumbani.

Shangazi Priscila