Mama Kapiga Simu Redioni

Shoga, redio umeisikia?? Kama hukuisikia, keti kwanza.

Kaka yangu Radi, miaka ishirini ananguruma ragga majukwaani, leo kaalikwa asimulie maisha yake. Mtangazaji akamuuliza, "Hiyo kasi ya kumwaga maneno uliipata wapi?" Akajibu kwa sauti nzito, "Mtaani, vitani."

Vita gani jamani! Mtaa wetu hata mbwa walikuwa wapole.

Simu ikaingia. MAMA. Hewani!

"Mwanangu, mbona unadanganya watu? Ulikuwa na kigugumizi. Hata maji hukuweza kuomba mpaka uimbe!"

MPAKA UIMBE. Nchi nzima inasikia! Nikajifunika mto usoni.

Radi kutaka kumkatiza, kigugumizi si kikarudi! "Ma-ma-ma-mama, ta-ta-tafadhali!" Fundi mitambo akadhani anaimba, akaachia mdundo.

Nikasema kaka leo kafa kwa aibu. Kumbe kaudaka mdundo, kaimba na kigugumizi chake mpaka mwisho! Wasikilizaji wamepagawa, wanapiga simu urudiwe.

Sasa hivi Mama kanipigia, analia kwa furaha: "Miaka ishirini, leo ndiyo kwanza nimeelewa maneno ya wimbo wake."