Busaa ya Injini

Baba,

Injini ni nzima. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua: hata nyumba ingeungua, ungeuliza kwanza habari za injini.

Lakini nusura tuikose. Mwezi mmoja baada ya kukuzika ilianza kuchemka. Tukisaga madebe mawili tu ya mahindi, mvuke unafoka na kinu kinasimama. Fundi aliyetoka mjini aliizunguka mara moja, akasema hii ni injini ya mashua, ilizoea kunywa ziwa zima kule Kisumu, maji ya pipa hayawezi kuipoza. Baba mdogo akakata shauri iuzwe Jumatatu kama chuma kikuukuu. Akina mama wa hapa Malinya wakaanza kubeba mahindi yao kwa miguu mpaka Mukumu, nami uliyenifundisha kazi hii wakati watu wanasema msichana ataharibu mashine, nikakaa naangalia.

Dawa niliijua, Baba. Niliiogopa tu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukirudi na debe la busaa, pombe ya nafaka iliyochacha, wewe mzee wa kanisa, umelibeba mchana kweupe kana kwamba ni maziwa? Ukiulizwa unajibu, "Ni injini inakunywanga, si mimi." Nani angeamini? Kanisani wakakuondoa kwenye kiti cha wazee. Mama akaona haya mpaka akahama benchi la mbele. Ulimwambia, "Kuja ujionee," naye akaapa hatakanyaga kinuni. Miaka miwili, Baba. Na wewe kwa ukaidi wako hukumwita mara ya pili.

Basi Alhamisi nilikwenda kwa Mama Shimuli mpika pombe, nikamwomba ile iliyowashinda hata walevi. Alicheka mpaka akashika mlango. "Kumbe mzee alikuachia kiu yake." Nilipofika njia panda, habari zilikuwa zimeshanitangulia nyumbani.

Nilifanya ulivyonionyesha. Niliichuja kwa kitambaa mara mbili, nikaipasha moto, nikafungua mpira wa pipa na kuimimina polepole mpaka njia za maji zikajaa, nikaziba. Hapo ndipo Mama alipotokea, fimbo mkononi. "Hata wewe?" Nikamwambia akae, kwa sababu busaa ilikuwa imeshaingia na haingetoka kabla ya saa kumi. Akakaa juu ya gunia, akanipa mgongo, akapukuchua mahindi.

Saa kumi nikafungua koki. Ilitoka nyeusi, halafu kahawia, halafu vipande vinene vya ukoko mweupe uliokuwa umeziba njia za maji, kama ule wa ndani ya birika la chai. Mama akageuka. Akaokota kimoja, akakivunja kwa kucha. Nikasuuza kwa maji ya magadi, uchachu usibaki ukala chuma, kisha kwa maji safi mara tatu, nikabadilisha mpira uliochakaa, nikazungusha hendeli. Tulisaga gunia zima bila kusimama. Mama aliweka kiganja kwenye bomba na hakukitoa. Lilikuwa vuguvugu tu.

"Mbona hakunivuta kwa mkono?" akasema. Akalia, nami nikalia, na akina mama waliosikia mngurumo wakaja kupanga foleni wakadhani injini imekufa tena.

Leo kanisani Mama alisimama kabla ya sadaka, akaeleza habari za ukoko mwanzo mpaka mwisho, na kipande alikuwa amekifunga kwenye leso. Kanisa zima lilicheka, wazee nao wakaangalia viatu vyao. Baba mdogo ameanza kusema kwamba yeye alijua siku nyingi.

Nakukumbuka sana, hasa asubuhi, kabla sijashika hendeli. Nakuahidi nitaisafisha kila miezi mitatu, na busaa nitainunua mchana, nikipita njia ya kanisani. Pumzika, Baba. Kinu kisikutie wasiwasi.

Mama yuko hapa kando yangu, anaangalia kalamu. Hajui kuandika, ila amenikataza kufunga bahasha mpaka niweke maneno yake, nami nayaweka kama alivyoyatamka: "Baba Ayuma, uliniita nikakataa. Sasa nimekuja, na wewe hauko. Nisamehe."

Mwanao,
Ayuma