Nimemnyima Mume Wangu Ufunguo wa Mashine ya Rangi

Bi Jalila, shikamoo. Najua wengi hukuletea ya mapenzi na mirathi, mimi nakuletea ya mashine ya kupulizia rangi, lakini ndani yake mna ndoa yangu, kwa hivyo nivumilie.

Mimi na mume wangu Munga ni mafundi wa rangi hapa Likoni, mimi nakwangua kuta na kuchanganya rangi, yeye na fundi mwenzetu Bramwel, mtu wa bara anayekaa Chaani, wanashika mashine, ile ya umeme inayonyonya rangi kwenye ndoo na kuisukuma kwa nguvu ndani ya mpira hadi itoke kama ukungu. Mashine hii kila mara inaziba, na wallahi haizibi kwa bahati mbaya, inaziba kwa sababu jioni Munga huizima ikiwa na rangi yake tumboni akakimbilia kucheza dhumna, anasema ataiosha kesho, na kesho rangi imeshaganda kwenye chujio na kwenye ile ncha yenye tundu dogo, basi asubuhi nzima ni kuchokoa kwa pini na kujaribia kwa kidole, na mimi nikisema naambiwa mashine anaijua yeye, nami nikanyamaza kwa kutaka amani.

Mwezi uliopita tulikuwa Kisauni tukipiga rangi chekechea moja, mashine ikaziba tena, Bramwel akaweka kidole cha shahada mbele ya tundu aone kama inatoka, na presha haikuwa imetolewa, rangi ikafyatuka. Hakupiga kelele. Palibaki kitundu kama cha sindano, wala damu haikutoka, Munga akamwambia apake dawa ya kidonda waendelee, lakini baada ya chakula cha mchana nikamwona Bramwel ameshika brashi kwa mkono wa kushoto, nikakitazama kile kidole, kimevimba, kimekuwa cheupe na baridi, akanambia, "Mama, hakiumi, ila sikisikii."

Nikasema twende hospitali. Munga akasema tumalize ukuta kwanza. Nikamjibu mbele ya mwalimu mkuu na mafundi wengine, "Endelea na ukaidi wako, mimi singoji mtu apoteze mkono," nikaita tuktuk tukavuka daraja. Daktari alimpasua siku ile ile, akatoa rangi iliyokuwa imepanda hadi kiganjani, akasema lau tungelala nayo kidole kingekatwa. Kidole kipo, ila hakikunjiki sawasawa.

Sasa Munga hanisemeshi, anakula anaondoka, hajaenda kumwona Bramwel hata mara moja, na wifi yangu Mwanasaumu ameambiwa kuwa nilimvua kaka yake nguo mbele ya watu. Juzi nikamkuta Munga anaitoa ile mashine, haijaoshwa vile vile, aende nayo kazi nyingine Mkomani, nikaifungia stoo na ufunguo ninao mimi. Wifi anasema mke hamfungii mume chombo chake cha kazi. Je, nimrudishie? Na nikimrudishia akaumia mtu mwengine, nitamwambia nini mamake?

Mwanarehema, Likoni

Bi Jalila anajibu:

Marahaba, Mwanarehema. Kumpeleka Bramwel hospitali hukukosea hata chembe, na wasomaji wote wanisikie: rangi ikiingia mwilini kwa presha ya mashine, kile kitundu kidogo kinadanganya. Juu hakuna damu, ndani nyama inakufa. Usipake dawa, usingoje uvimbe. Nenda saa hiyo hiyo, na kopo la rangi ulibebe daktari alione.

Ulikosea kwa lile neno "ukaidi". "Twende" lilitosha. Mumeo alikuwa ameshaogopa, na mtu aliyeogopa ukimtukana hadharani hana la kufanya ila kununa. Na usijisafishe sana, bibi. Ulijua mashine haioshwi, ukanyamaza ukaita amani. Ni amani gani hiyo ya kulipiwa na kidole cha mwenzenu?

Haya, mashine. Rangi ichujeni kabla haijaingia ndooni, kwa soksi ndefu ya nailoni, maana kinachoziba aghalabu ni ngozi ya rangi na mchanga. Ikiziba, zimeni, toeni presha yote kwa kubonyeza kifyatuo ndani ya ndoo hadi kusitoke kitu, ndipo mfunge loki yake. Ncha nyingi hugeuzwa nyuma mbele: igeuzeni, washeni, pulizeni ndooni mara moja, uchafu utatoka. Ikikataa, toeni presha tena, ifungueni, muiloweke na kuisugua kwa mswaki. Pini tupeni, inapanua tundu na ndiyo inayowaletea michirizi ukutani. Kidole kisikae mbele ya tundu hata kama mashine imezimwa. Jioni, rangi ya maji ioshwe kwa maji, ya mafuta kwa thina, hadi yatoke meupe kwenye mpira, na chujio litolewe lisuguliwe. Kisha ndiyo dhumna.

Ufunguo utamrudishia, lakini baada ya kuiosha pamoja, wewe na yeye, mashine ikiwa wazi mbele yenu. Asipokuja kuosha, na ikae humo humo. Kuta za Mkomani zitapakwa kwa brashi. Wifi yako mwambie chombo kinachojeruhi watu hufungiwa, kiwe cha nani.

Lile neno la Kisauni mtake radhi, mkiwa wawili, kwa ufupi, bila "lakini". Usimtake radhi kwa hospitali.

Halafu, Mwanarehema, mimi sidhani anakununia wewe. Mtu ambaye hajamwona mwenzake aliyepasuliwa ana haya ya kwenda. Hatakwenda peke yake, na akingoja zaidi hatakwenda kabisa. Jumapili hii pika, fungasha, mwambie mnakwenda Chaani. Mkifika, salimu, kisha ingia jikoni kwa mke wa Bramwel ukamsaidie kupakua, umwache Munga aseme mwenyewe.