Petroli Kwisha, Kwisha

Shemeji Barasa,

Salamu nakutumia hivyo hivyo, mimi Simiyu, ingawa najua huko uliko hakuna posta. Mtu haingii kwa mwenzake bila kubisha hodi. Nakuandikia nikiwa Nakuru, kwa dada yako Nekesa, Jumamosi mchana. Yeye yuko nje anaanua nguo. Tangu jana hajaniwekea hata chai mezani, na sababu utaijua kabla barua hii haijaisha.

Ni miezi mitatu sasa tangu ufe maji pale Naivasha. Acha nikupe habari za klabu yetu ya mashua kwanza. Mashua ya bwana wako imetengenezwa na kupakwa rangi ya kijani, lakini yeye mwenyewe hajaipanda tena. Kitanda chako kwenye nyumba yetu kapewa kijana wa kukata mafunjo. Anakoroma kukushinda, nami nilidhani hilo haliwezekani. Mutua mpishi bado anapika na ugali wako, halafu anagombana na sufuria.

Mwezi jana alikuja ofisa wa serikali. Unajua siku hizi za Hali ya Hatari simu ya upepo, hii isiyo na waya, inatazamwa kwa jicho kali, hata ikiwa ndani ya mashua ya kutembelea Jumapili. Alitaka kujua jambo moja: je, watu wanaokwenda ziwani kwa starehe tu walazimishwe kufanya mtihani na kupata cheti kabla ya kushika simu hiyo? Mabwana wakakaa verandani wakabishana tangu chai ya saa nne mpaka chakula cha mchana. Yule mnene mwenye mashua ya matanga alisema kwa Kiswahili chake, ili na sisi tuliosimama ukutani tusikie, "Mimi kuja hapa pumzika, hapana kuja skuli." Akauliza kama kuna mtu anayetakiwa cheti ili apige simu ya nyumbani kwake. Memsabu mzee, yule aliyefanya kazi ya simu za jeshi wakati wa vita, akamjibu kwamba nyumba haizami.

Hapo nilitaka kucheka, lakini mwenyekiti akasimama. Alisema kosa halikuwa la wanachama. Kosa ni kwamba boi alipewa simu na hakujua kuitumia. Kwa hiyo cheti hakina haja. Inatosha kuandika ubaoni kwamba maboi wasiguse simu. Wengi wakaitikia kwa vichwa, na ofisa akaandika. Boi huyo ni wewe, shemeji.

Sasa nikwambie jambo ambalo wewe ulilijua nusu tu. Jeshini, kwenye kikosi cha simu, tulifundishwa neno "ova". Ukilisema, mwenzako anajua umemaliza, sasa ni zamu yake. Nilipowekwa kwenye simu ya klabu, nilikuta watu wote wanazungumza nami kwa Kiswahili, mabwana kwa kile chao na ninyi wa mashuani kwa chetu, na ova inasahauliwa. Huyu anasema na yule anasema, hakuna anayesikia. Basi nikajifanya mjanja. Nikawaambia tutumie "kwisha", kwa sababu hakuna bwana asiyeijua: chakula kwisha, kazi kwisha, sabuni kwisha. Walifurahi sana. Waliniona mtu wa maana, na mimi nikajiona hivyo hivyo. Wewe nilikufundisha mwenyewe, tumekaa juu ya mashua iliyopinduliwa, ukilirudia neno lile mpaka nikakwambia inatosha.

Jumapili ile upepo wa alasiri ulianza mapema. Bwana wako alikuwa ameinamia injini, kwa hiyo wewe ndiye uliyeshika simu. Nilikuwa nimekufundisha pia kusema maneno machache, maana betri zile zilichoka upesi. Ukasema, "Petroli kwisha, kwisha."

Mimi nikasikia nini? Nikasikia mtu anayetaka petroli iwekwe tayari gatini, amemaliza kusema, na amelirudia neno la mwisho kwa bidii yake tu. Nikajibu, "Nimesikia, petroli ipo. Kwisha." Nikamgeukia Mutua nikamwambia, "Shemeji amelipenda neno langu, analisema mara mbili." Nikacheka. Kisha nikaenda kuviringisha pipa la petroli kutoka ghalani mpaka gatini. Nililiviringisha, shemeji, nikaliweka vizuri, nikafuta na vumbi.

Kama uliita tena, sijui. Nilikuwa nje na pipa. Bwana wako anasema hukuita. Anasema alikuhimiza, nawe ukamwambia hakuna haja, Simiyu amesikia, Simiyu anakuja. Mkangoja. Mawimbi yakaipiga mashua ubavuni ikapinduka; yeye akaushika ubao, wewe ulikuwa na lile koti zito. Tulikupata kesho yake asubuhi kwenye mafunjo.

Basi pale verandani niliomba ruhusa ya kusema. Nikasema neno lile ni langu, si la jeshi wala la wanachama. Nikasema Barasa hakukosea hata kidogo: kwisha ya kwanza ilikuwa ya petroli, ya pili ilikuwa ya kumaliza maneno, sawasawa na nilivyomfundisha. Aliyeshindwa kuelewa ni mwalimu wake. Ofisa akaniuliza kama nina cheti. Ninacho, cha jeshi, nikakitoa mfukoni nikampa. Alikisoma kwa muda mrefu. Siku ile, kati ya watu wote waliokuwa kwenye simu, mwenye cheti alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyekosea.

Nimeliwaza sana jambo hili la vyeti. Zamani ningekwambia kila anayepanda mashua yenye simu apimwe, hata kama anakwenda kuvua samaki wa kujifurahisha, na leo nasema hivyo hivyo. Maji hayaulizi kama umekuja kazini au kutembea. Lakini karatasi peke yake ni bure. Watu wa mashuani na mtu wa nchi kavu wajifunze maneno yale yale, wakae pamoja, wapimwe pamoja, na mwenye cheti cha zamani naye apimwe tena. Mimi elimu niliyopewa niliipunguza kwa mkono wangu ili mabwana wacheke. Nilimwambia ofisa hivyo. Aliandika, ila sijui aliandika nini.

Serikali haijajibu. Klabu yenyewe imeandika ubaoni kwamba mashua yenye simu haitoki bila mtu mmoja ndani yake aliyepimwa na memsabu mzee, awe bwana au boi. Neno ni ova. Yule mnene amepimwa akaanguka, kisha akaanguka tena, sasa anazunguka gatini amenuna. Yule kijana wa mafunjo alipita mara ya kwanza. Mimi nimeondolewa kwenye simu, nakwangua rangi za mashua. Sikulalamika.

Sasa habari ya dada yako. Maneno ya Naivasha hupanda treni kama watu, na yaliyomfikia Nekesa ni yale ya kwanza, kwamba ndugu yake alikufa kwa ujinga wake. Aliniuliza mwezi ule ule wa kifo chako kama ni kweli. Nikamwambia mambo ya simu ni magumu. Shemeji, niliweza kusema mbele ya wazungu na ofisa wao, lakini mbele ya mke wangu nilinyamaza, nikamwacha akuonee aibu. Hilo linaniuma kuliko lile pipa.

Jana nilimwambia yote. Hakulia. Aliuliza, "Alisema mara mbili?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi alijua kuitumia simu." Akachukua nguo zilizokuwa safi akaenda kuzifua. Hajasema nami tangu hapo, na sina haki ya kumharakisha.

Amebaki mama yako. Naye habari iliyomfikia ni ile ile ya ujinga, na amezeeka nayo miezi hii mitatu. Jumanne napanda treni ya Bungoma. Unajua mila yetu, mkwe hamtazami mama mkwe usoni wala hakai naye chumba kimoja. Yeye atakuwa ndani, mimi nitasimama uani, tutasikizana sauti tu. Nekesa angeweza kunisemea, lakini sitamwomba. Nitasema polepole, kwa lugha ya nyumbani, kwamba mwanawe alikuwa anaijua kazi yake, kwamba aliomba msaada kwa maneno yaliyo sawa, na kwamba mimi nilisikia nikacheka.

Kwaheri, Barasa. Nilikuwa nikikupenda, na sikuwahi kukwambia kwa sababu mashemeji hutaniana tu. Ahadi yangu ni hiyo moja. Nikishasema sitaondoka pale uani, hata anyamaze mpaka jua lizame, mpaka mama yako mwenyewe aniambie niende.

Shemeji yako,
Simiyu